Triga Iliyopunguza Damu Mara Mbili

Nimesikia kwamba mle ofisini kwangu sasa mmekaa watatu, mna kiyoyozi, na mmeanza kuzifuta triga zangu moja baada ya nyingine. Sijakasirika. Baadhi yake nilitaka kuzifuta mwenyewe kabla sijastaafu nikakosa muda, na baadhi nilikuwa naziogopa. Mmoja wenu alinipigia simu juzi, kwa adabu nzuri kabisa, akasema, "Shikamoo mama. Humu kuna triga inaitwa usiiguse_muulize_hadija. Sasa nimekuja kuuliza." Nikamwambia, "Marahaba, uliza." Tukaongea mpaka salio lake likaisha katikati ya jambo la maana. Ndipo nikaona heri niandike.

Kwa wale ambao hatukukutana, mimi ndiye huyo Hadija. Kwa miaka mingi nilitunza mfumo wa kompyuta wa benki ya damu katika hospitali moja hapa Nachingwea, na baadaye na wa wenzetu wa Ruangwa. Usidhani nilisomea. Nilianza masijala, kazi yangu ilikuwa kutafuta mafaili ya wagonjwa kwenye makabati, na sifa yangu kubwa ilikuwa kwamba sikuwahi kupoteza faili. Kompyuta zilipoletwa, mganga mfawidhi alitazama huku na huku akasema, "Asiyepoteza faili ndiye aende kozi." Nikapelekwa Mtwara wiki chache, nikarudi na daftari moja lililojaa na kichwa kinachoniuma.

Maabara nilimkuta Mzee Ponsiano. Alikuwa mtu wa Masasi, Mmakua, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi kila siku, mrefu, na mikono yake ilikuwa imepauka kwa kunawa. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza damu. Chupa moja ya damu (tunaita chupa, ingawa ni mfuko) aliiandika sehemu nne: rejista ya wachangiaji, rejista ya chupa, fomu ya wodi, na ubao uliotundikwa ukutani wenye makundi yote ya damu na idadi iliyobaki. Siku ya kazi nyingi ubao ulichelewa. Daktari anaingia, anasoma ubao, anaona chupa sita za kundi A, kumbe mbili zimeshapanda wodini tangu asubuhi.

Hapo ndipo triga ziliponinogea. Nitaeleza polepole kwa ajili ya wale watakaosoma na si watu wa kompyuta. Ndani ya mfumo kila rejista inaitwa jedwali, na kila kinachoandikwa humo ni mstari. Triga ni maelekezo unayoyapachika kwenye jedwali, ukisema: mtu akiongeza mstari hapa, au akiubadili, au akiufuta, wewe mwenyewe nenda kafanye jambo fulani kwenye jedwali lile lingine. Haisubiri kuambiwa wala haina kitufe. Ponsiano anaandika kwamba chupa imetoka kwenda wodi ya wazazi, na papo hapo jedwali la akiba linapungua moja. Anaandika mara moja badala ya nne.

Siku ya kwanza nilipomwonyesha alitazama skrini kwa muda mrefu. Akasema, "Inafanya yenyewe?"

"Yenyewe, mzee."

"Na nani ameifundisha?"

"Mimi."

"Basi si yenyewe," akasema. "Ni wewe, ila hupo."

Alifurahi, msimwelewe vibaya. Ubao aliushusha siku ileile akaufanya meza ya kuwekea chai. Lakini kuna tabia moja hakuiacha. Kila siku, kabla ya kwenda kula mchana, alifungua friji ya damu akahesabu chupa kwa kidole, kundi kwa kundi, midomo ikichezacheza. Mimi iliniudhi. Nilijiona nimemtengenezea kitu kizuri naye hakiamini. Siku moja nikamwambia, "Mzee Ponsiano, ya nini kujichosha, wakati mfumo unahesabu?"

Akafunga friji taratibu. "Mfumo unahesabu kilichoandikwa. Mimi nahesabu chupa."

Nilicheka, nikaenda zangu.

Kabla sijafika kwenye siku ile mbaya, niwasimulie kuhusu Mzee Likwata wa Chiola, maana kwa huyu nilijifunza mambo mawili ambayo hamtayapata kwenye kozi yoyote.

Tulikuwa tumekwenda Chiola kuchangisha damu, msimu wa ufuta umekwisha, watu wana nafasi. Walijitokeza wengi. Niliandika majina kwenye laptopu, na tuliporudi nikayaingiza yote kwenye mfumo kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa na triga ya kubadili tarehe ya mwisho ya mtu kuchangia, ili tusimwite tena kabla ya miezi mitatu kama ni mwanaume, au minne kama ni mwanamke. Triga hiyo niliijaribu vizuri kabisa, kwa mtu mmoja mmoja. Nilichokuwa sijui ni kwamba kwa mfumo tuliokuwa nao, ukiingiza mistari thelathini kwa mkupuo, triga inaamka mara moja tu kwa mkupuo wote. Na mimi nilikuwa nimeiandika kana kwamba siku zote mstari ni mmoja. Ikabadili tarehe ya mtu mmoja, wengine wote ikawaacha.

Baada ya wiki mbili nikatoa orodha ya watu wanaoweza kuchangia. Nikapiga simu. Kesho yake Mzee Likwata akaingia na baiskeli yake, kanzu imeshika vumbi mpaka magotini. Nikamsalimia, nikampa kiti.

"Binti yangu," akasema, "nimekuja kama ulivyoniita. Lakini mimi nilitoa juzi juzi tu. Nikawaza njiani, labda ile ya kwanza wameimwaga, wanaona aibu kusema."

Ponsiano alimpa soda na mkate, akampima presha, akamrudisha nyumbani na damu yake yote. Mimi nilirudi ofisini nikaandika upya ile triga, safari hii isome mistari yote iliyoingia, iwe mmoja au mia. Nyinyi mnaoandika leo, msiijaribu triga kwa mstari mmoja mkaridhika. Ijaribuni kwa mistari mingi, halafu ijaribuni kwa mkupuo usio na mstari hata mmoja. Mtashangaa.

La pili lilitokea mwaka uliofuata. Nilisikia kwamba mahali pengine mchangiaji hupata ujumbe wa simu damu yake inapotumika. Nikalipenda wazo hilo kupita kiasi. Mtu wa Mandawa huko yuko kwenye korosho zake, simu inalia, anasoma: "Ahsante. Damu uliyochangia imemsaidia mgonjwa leo." Nikaweka utumaji huo ndani ya triga yenyewe. Ponsiano akiandika kwamba chupa imetumika, triga inamtumia mwenye damu ujumbe.

Ilifanya kazi vizuri mpaka siku mtandao ulipoyumba. Asubuhi hiyo Ponsiano aliandika chupa imetumika, akabonyeza, mfumo ukaganda, kisha ukamwambia imeshindikana. Akabonyeza tena. Ni mtu mvumilivu, alibonyeza mara tisa. Kumbe kila mara ujumbe ulikuwa unatoka, ila jibu la kuthibitisha lilikuwa halirudi. Triga inahesabu imeshindwa, na triga ikishindwa, mstari alioandika nao unafutika kana kwamba hakuwahi kuandika. Wanangu, shikeni hili: triga na mstari ulioiamsha ni kitu kimoja. Moja ikianguka, mwenzake anaanguka naye. Lakini ujumbe uliokwisha kutoka haurudi.

Damu ile ilikuwa ya Mzee Likwata, aliyekuwa amechangia tena. Kabla ya saa nne simu ya ofisini ikalia. Sauti ya mwanamke, imetulia kwa namna ya kutisha.

"Wewe ni nani, unayemshukuru mume wangu mara tisa asubuhi moja?"

Nilieleza kwa kirefu. Nikaeleza hospitali, nikaeleza damu, nikaeleza mtandao. Akasema, "Mimi nimeishi naye miaka yote hii hajawahi kushukuriwa hata mara moja." Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kuchangia, na akaniomba nihakikishe naye anatumiwa ujumbe. Nilihakikisha. Ila wakati huo triga haikutuma tena kitu chochote; iliandika tu mstari kwenye jedwali nililoliita zinazosubiri, na programu nyingine pembeni ikawa inatuma mtandao ukiruhusu. Kazi ya maabara haikusimama tena kwa sababu ya mnara wa simu.

Sasa nije kwenye lile ambalo miaka mingi sikupenda kulisimulia.

Wenzetu wa Ruangwa walipoanza kutunza damu kidogo kwenye friji yao, tuliwawekea mfumo kama wetu, kwenye mashine yao wenyewe, kwa sababu mtandao haukuwa wa kutegemea. Mashine mbili zilikuwa zinapashana habari kila saa, hivyo muuguzi aliye Ruangwa aliweza kuona tumebakiwa na nini Nachingwea, na sisi tukaona walichonacho. Nikaongeza jedwali jipya, uhamisho, la chupa zinazosafiri kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Na kwenye uhamisho nikapachika triga: chupa ikihamishwa, iandike kwenye jedwali la chupa zilizotoka, na ipunguze moja kwenye akiba.

Mmeshaona kosa. Mimi sikuliona. Jedwali la chupa zilizotoka tayari lilikuwa na triga yake ya zamani, ile ya kwanza kabisa niliyojivunia, inayopunguza moja kwenye akiba kila mstari unapoingia. Kwa hiyo triga mpya iliamsha ya zamani. Chupa moja ikienda Ruangwa, akiba yetu inapungua mbili.

Nilijaribu, ndiyo. Nilihamisha chupa moja ya majaribio, nikatazama upande wa Ruangwa, nikaona imeongezeka moja. Nikashangilia. Upande wetu sikuutazama.

Wiki zilipita. Damu inaingia, damu inatoka, namba zinapanda na kushuka, nani atajua? Aliyejua alikuwa mmoja. Jumanne moja Ponsiano alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni akijifuta mikono.

"Mama Zuhura," akaniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake, "friji yangu ina chupa nyingi kuliko skrini yako."

Nilikuwa na kazi nyingine mbele yangu. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Labda umehesabu na zilizokwisha muda, mzee."

Akafikiri. "Labda," akasema. Akaondoka.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, mchana, simu ikalia. Alikuwa Sista Hilda, mkunga wa Ruangwa, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, tuliyezoeana naye zaidi kwa simu kuliko kwa macho.

"Hadija, mtandao wenu upo? Nataka kutoa fomu ya rufaa, inagoma."

"Rufaa ya kwenda wapi?"

"Lindi. Kuna mama wa Chunyu amejifungua asubuhi, damu haikatiki. Kundi O. Nimemtundikia chupa yangu ya mwisho."

"Na sisi je?"

"Kwenu nako hamna. Nimeangalia. Imeandikwa sifuri."

Nikafungua skrini yangu. Kweli, O ilikuwa sifuri. Maneno yalishafika mdomoni, nimwambie pole dada, kweli hatuna, mwahi Lindi. Mtu anayetoka damu, kwa barabara ya enzi hizo, mpaka Lindi. Ndipo nikaikumbuka ile "labda" ya Ponsiano.

"Hilda, usikate simu. Na gari lisiondoke."

Niliacha mkono wa simu juu ya meza nikakimbia. Ponsiano alikuwa anafunga mlango wa maabara, anakwenda kula.

"Mzee, kundi O una ngapi?"

Hakuuliza kwa nini, wala hakutazama karatasi yoyote. "Nne. Nimezihesabu sasa hivi."

"Zilizokwisha muda umezitoa?"

"Mama Zuhura, nne nzima."

Nilirudi kwenye simu na pumzi zimenikatika. Hilda aliposikia hakusema chochote cha lawama, aliuliza tu, "Zinafika saa ngapi?" Mganga mfawidhi akatoa gari. Ponsiano akazipanga chupa kwenye deli la bluu, akaweka barafu, akaandika namba zake kwa kalamu. Alikuwa peke yake maabara siku hiyo, hakuweza kuondoka. Akanikabidhi deli.

"Nenda nalo wewe. Likae miguuni, lisirukeruke."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Dereva alikuwa Bakari, mtu asiyeongea. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na barabara ilikuwa inajengwa, kwa hiyo kila baada ya mwendo kidogo tunashushwa kwenye mchepuko wa tope. Mahali pamoja lori lilikuwa limelala upande, limeziba njia. Bakari alishuka, akaingia kwenye tope mpaka vifundoni kupima kina, akarudi, akapitisha gari kwenye shamba la mtu. Mimi nilikuwa nimelibana deli kwa miguu yote miwili, mikono nimeiweka juu ya kifuniko, na kichwani nilikuwa narudia jambo moja tu: ni mimi nimeandika sifuri.

Hilda alitupokea mlangoni. Hatukusalimiana. Alilichukua deli akapotea nalo ndani. Nilimfuata mpaka kwenye korido, na kupitia mlango uliokuwa haujafungwa vizuri niliona nyayo za mgonjwa tu, zimetokeza kwenye shuka, zimepauka kama zimepakwa majivu. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye benchi na kichanga mikononi. Aliniangalia, akaniona nimejaa tope, akasogea ili nikae.

Chupa tatu zilitumika. Jua lilikuwa bado halijazama Hilda alipotoka, akaegemea ukuta, akasema, "Imekata. Mapigo yanarudi." Mama mkwe akaanza kulia polepole, bila sauti. Mimi nikaenda nje nyuma ya gari, na nilichofanya huko ni siri yangu na Bakari.

Kesho yake asubuhi nilimweleza mganga mfawidhi kila kitu. Alinisikiliza, akaniambia nirekebishe kisha nimpelekee maandishi. Baada yake nilikwenda maabara. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Jumanne uliniambia," nikasema.

"Nilikuambia."

"Mbona hukunibishia?"

Ponsiano aliketi kwenye kile kistuli chake. "Nilidhani wewe unajua zaidi. Chupa nimezishika kwa mkono wangu, halafu nikasema labda. Hilo ni langu, usilibebe wewe." Kisha akavuta kistuli cha pili. "Haya. Lete hizo triga. Nisomee kila moja inafanya nini, kwa Kiswahili, polepole."

Nilichapa karatasi tukakaa. Alipanga vifuniko vitano vya chupa za sampuli mezani, akasema hii ndiyo akiba. Nikaanza: "Chupa ikiandikwa kwenye uhamisho, triga inaandika mstari kwenye chupa zilizotoka."

"Mstari ukiandikwa huko, kunatokea nini?"

"Kuna triga ya zamani. Inapunguza moja kwenye akiba."

Akaondoa kifuniko kimoja. "Endelea."

"Halafu triga ya uhamisho inaendelea, inapunguza moja kwenye akiba."

Akaondoa cha pili. Akanitazama. Mezani vilibaki vitatu, na chupa tuliyohamisha ilikuwa moja. Akacheka kidogo, kile kicheko cha puani, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile triga mnayoiulizia. Niliondoa zote mbili za kupunguza. Nikaandika moja tu, isiyopunguza wala kuongeza kitu. Chupa yoyote ikiguswa, inakwenda kwenye jedwali la chupa, inahesabu zile zenye hali ya "ipo", kisha inaandika jumla yake kwenye akiba. Ikiamka mara moja au mara kumi, jibu ni lilelile. Niliichota kwa Ponsiano moja kwa moja: hakuwahi kufikiri jana zilikuwa saba, leo zimetoka mbili, basi tano. Alifungua friji akahesabu. Halafu nikaongeza jedwali la kumbukumbu, ili kila triga inapobadili namba iache alama: imebadili nini, kutoka ngapi kwenda ngapi, na nani aliyeiamsha. Triga hazionekani. Mtu mpya anaweza kusoma programu nzima asijue kwamba chini yake kuna maelekezo mengine yanatembea. Kwa hiyo andikeni orodha ya triga zenu zote kwenye karatasi moja, kila moja na jedwali linaloiamsha na jedwali inaloligusa, na muibandike ukutani mahali hata mpishi ataiona.

Najua siku hizi mnaiambia kompyuta iwaandikie triga, nayo inamaliza kabla chai haijapoa. Sina neno. Lakini mkishaipata, nendeni maabara mkamsomee mtu kwa Kiswahili, naye awe na vifuniko mezani.

Kazi hiyo ilinichukua siku mbili na nusu. Jumatatu nilipiga hesabu, skrini ikalingana na friji kundi kwa kundi. Nikamwita Ponsiano aone. Aliona, akatingisha kichwa kwa kuridhika, kisha akasema, "Kompyuta umeshaiomba radhi vya kutosha. Sasa nenda kamwone yule mama."

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi lililokuwa linapeleka dawa Ruangwa. Mama yule alikuwa bado wodini. Jina lake Somoe, mkulima wa Chunyu, umri wake haukuzidi sana ule wa binti yangu. Nilimkuta ameketi kitandani anakunywa uji kwa kijiko, mtoto wa kike amelala pembeni yake. Rangi ilikuwa imemrudia. Nilimsalimia, nikampa pole na hongera kwa pamoja, kisha nikasimama kando ya kitanda.

"Wewe ndiye uliyeleta damu," akasema. "Mama mkwe amenionyesha kwa dirisha."

"Ni mimi. Lakini nimekuja kwa jingine." Nikamweleza. Sikutaja triga wala jedwali. Nikasema damu ilikuwepo Nachingwea tangu mwanzo, chupa nne, na kompyuta ilisema hakuna kwa sababu mimi niliiandika vibaya, na walikuwa wanakaribia kumpeleka Lindi kwa sababu yangu. Na siku mbili kabla ya hapo mtu aliniambia namba haziendi sawa, nikampuuza. Nikamwambia nimekuja kumwomba anisamehe.

Somoe alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka bakuli la uji chini. Nilitegemea alie, au anitukane, au aniambie ni mapenzi ya Mungu, kama watu wetu wanavyosema ili mgeni aondoke na amani.

Akauliza, "Umeshairekebisha?"

"Nimeirekebisha. Nimefanya kazi siku mbili na nusu. Sasa iko sawa kabisa."

"Ya kule Nachingwea."

"Ndiyo."

"Na hii ya hapa? Ile ya Sista Hilda, iliyoko pale dirishani, iliyosema hamna?"

Mashine ya Ruangwa ilikuwa na nakala yake ya triga zilezile. Ruangwa nao walikuwa wanahamisha chupa kuturudishia sisi zinapokaribia kuisha muda. Siku zote zile nilikuwa nimekaa na ya kwetu, na hii haikunijia akilini hata mara moja.

"Hii bado," nikasema.

Somoe alimtazama mtoto wake, kisha akatazama kitanda cha jirani, ambako mwanamke mwingine alikuwa amelala kwa ubavu, tumbo kubwa, anasubiri uchungu.

"Basi nenda kaifanye hiyo kwanza, mama yangu," akasema, bila ukali wowote. "Mimi nipo hapa. Tutaongea ukirudi."

Nilikwenda. Hilda alinipisha kwenye kiti chake pale dirishani. Triga zote mbili zilikuwepo, hazijaguswa, na asubuhi hiyohiyo walikuwa wamerudisha Nachingwea chupa moja ya kundi B. Akiba yao ilikuwa imepungua mbili. Nikazitoa. Nikaweka ile mpya. Kisha nikamwomba Hilda ufunguo, nikafungua friji yao, nikazihesabu chupa kwa kidole, kundi kwa kundi, na yeye akasoma skrini kwa sauti nyuma yangu mpaka tukamaliza.

Niliporudi wodini, Somoe alikuwa amelala na mtoto yuko kifuani. Nikavuta benchi taratibu lisipige kelele, nikakaa, nikasubiri aamke.